Farasi Aliyewekwa Karantini

Padre mmoja mzungu, alipokuwa anaondoka misheni kurudi kwao, aliniachia sarafu ya Wakelti, watu wa Ulaya wa zamani, hata kabla ya Yesu. Alikuwa amenifundisha kuikagua: ishike ukingoni, usiisugue, tazama kwanza sehemu zilizoinuka, maana huko ndiko inakoanza kulika. Upande mmoja palikuwa na farasi, miguu imeachana na mwili, kichwa kidogo kama punje ya ulezi. Kwa padre hiyo ilikuwa hali nzuri sana. Niliipenda kuliko baiskeli yangu.

Nilikuwa mwalimu katika kijiji cha ujamaa upande wa Pito, na mwalimu hana siri. Mwenyekiti wa kijiji akasikia kwamba naficha mali. Kamati ikakaa, sarafu ikapita mkono kwa mkono, kila mjumbe akiisugua kwa dole gumba, mimi nikiuma meno. Wakaamua ipelekwe wilayani Sumbawanga, ila kwanza hali yake iandikwe na mtaalamu. Mtaalamu wa farasi ni nani? Bwana mifugo.

Nilimwahi njiani. "Ndugu yangu, ikienda wilayani hairudi. Nisaidie."

Mbele ya kamati aliigeuza sarafu mara tatu, taratibu, kama anakagua ng'ombe wa mahari, ingawa farasi mwenyewe alikuwa amemwona vitabuni tu.

"Amekonda," akasema. "Viungo vimeachia. Huu ni ugonjwa wa kuambukiza. Asitoke kijijini mpaka nitakapoandika vinginevyo."

Akaandika cheti cha karantini, akagonga muhuri. Wajumbe wakafuta mikono kwenye suruali. Mimi nilitamani kumkumbatia yule bwana.

Sarafu ikabaki kwangu miaka miwili. Bwana mifugo akahamishwa, na hakuwa ameandika vinginevyo. Kisha nami nikapata uhamisho wa Chala. Nimeshapanda lori, godoro limeshafungwa, mwenyekiti akaja na kile cheti.

"Mwalimu, wewe nenda salama. Farasi yuko karantini."

Nilifoka. Nikamwambia hiki ni kipande cha fedha, hakiugui. Akanionyesha muhuri. Dereva akapiga honi.

Nikaitoa mfukoni, machozi yananilenga, nikamfundisha haraka haraka: ishike ukingoni, usiisugue. Akaipokea kwa vidole viwili, ukingoni kabisa, akaniuliza anakula nini.