Picha ya Taa

Kuna Jumamosi moja ya Ihanda ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu, na kwa kuwa umeniuliza kama kamera za mkanda bado zina maisha, nitakujibu kwa kupitia huko. Usinikatize. Najua unapenda jibu fupi, lakini mimi mambo yangu siyawezi kwa ufupi, na uzee huu umenizidishia.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini hivi, nikifanya kazi kwenye studio ya mjomba wangu Lazaro hapa hapa Tunduma. Kilikuwa chumba kimoja tu cha kupigia, pazia la bluu nyuma, kigoda cha kukalia mbele. Watu walivuka mpaka kutoka Nakonde, upande wa Zambia, kuja kupiga picha za pasipoti, na akina mama walileta watoto waliopakwa mafuta mpaka wanateleza mikononi. Mjomba alinifundisha kupakia mkanda kwenye kamera, kuusafisha kwenye chumba cha giza, kukata negativu na kuziweka kwenye bahasha zenye majina. Kazi niliijua. Ubaya ni kwamba nilijua kuwa naijua, na msichana mwenye kamera shingoni siku zile aligeuziwa shingo na kila mtu. Nami nilipenda kutazamwa, nisikufiche.

Wewe umezaliwa picha zikiwa hazina idadi, kwa hiyo ngoja nikueleze. Mkanda mmoja ulikuwa na picha thelathini na sita. Zikiisha, basi. Hukuweza kuona ulichopiga mpaka mkanda usafishwe, na ukikosea umekosea. Kwa sababu hiyo tulikuwa wachoyo sana, kila picha tuliipigia hesabu kabla ya kubonyeza.

Jumamosi hiyo kulikuwa na harusi ya kanisani kule Ihanda. Mjomba alinipa mikanda miwili na kunituma peke yangu kwa mara ya kwanza, nikajiona bosi. Kufikia alasiri mkanda wa kwanza ulikuwa umekwisha, na kwenye wa pili zilibaki picha tatu. Hizo tatu nilizitunza kwa ajili ya keki, wakwe, na ukoo mzima ukiwa umesimama pamoja. Nimesimama hapo kando ya shamba la kahawa nikisubiri keki itolewe, akanijia bibi mmoja, jirani wa wenye harusi. Aliitwa Bibi Eliza.

"Mjukuu wangu, na mimi nipige," akasema. "Nina mwanangu yuko Kamsamba kwenye mpunga. Watu wamemwambia eti mama yake amelemaa, hatembei tena. Nataka aone nimesimama."

Nikamwambia haya, bibi, simama hapo. Akasema, "Subiri kidogo nioshe miguu." Akaenda nyumbani kwake kuosha miguu! Mimi huku nina picha tatu na keki inakuja. Nilisonya, mwanangu. Nilimsonya mtu mzima yule, ingawa kwa bahati nzuri hakunisikia.

Sasa nikwambie dhambi ya wapiga picha wa enzi zetu. Ile taa ya juu ya kamera ilikuwa na kitufe kidogo nyuma, cha kujaribia. Ukikibonyeza, taa inawaka paa! lakini kamera yenyewe haijapiga kitu. Na watu wengi waliamini kwamba taa ikiwaka ndiyo picha imepigwa. Tuliiita picha ya taa. Tuliwapigia walevi wanaong'ang'ania, na watoto wanaofuatafuata harusi nzima. Wakija kuulizia, unakunja uso wa huruma na kusema, "Aa, yako iliungua." Mkanda kuungua kulikuwa jambo la kweli, hutokea mwanga ukiingia, kwa hiyo hakuna aliyebisha.

Bibi Eliza aliporudi nilimpigia picha ya taa. Alishukuru kwa mikono miwili, akanipa mayai matatu aliyoyafunga kwenye jani la mgomba. Nikaenda kwenye keki. Yale mayai niliyachemsha Jumapili nikayala na chumvi, na sikuwaza chochote.

Haikupita miezi mingi. Asubuhi moja aliingia studio mwanamke aliyejifunga kanga kiunoni na nyingine kichwani, macho yamevimba. Alijitaja kuwa ni Tabitha, binti wa Bibi Eliza wa Ihanda, anayeishi Vwawa. Mama yake amefariki, mazishi ni kesho.

"Nimefuata ile picha yake aliyopigwa kwenye harusi," alimwambia mjomba. "Alituambia sote. Hatuna sura yake nyingine popote, ni hiyo tu."

Kabla mjomba hajafungua mdomo, mimi nikarukia. Nikakunja uso wangu wa huruma, nikasema, "Pole sana dada. Yake iliungua."

Mjomba Lazaro hakunitazama. Alikwenda kabatini, akatoa bahasha ya harusi ile, akazivuta negativu akazishika mbele ya dirisha. Akaanza kuhesabu kwa kidole, polepole, kipande baada ya kipande. Zote zilikuwa safi. Zilitimia thelathini na sita kwa kila mkanda, na Bibi Eliza hakuwemo.

"Rebeka," akaniita. "Iliyoungua ni ipi?"

Akaniambia, "Mwambie mwenyewe. Mimi sitakusemea." Basi nikamwambia Tabitha kila kitu, taa na kitufe na keki, huku natazama sakafu. Nilitegemea matusi, na laiti angenitukana. Alikaa kwenye kile kigoda cha wateja, akaniuliza kwa upole kabisa:

"Basi niambie. Mimi siku hiyo sikuwepo. Alivaa nini? Alicheka?"

Mwanangu, sikujua. Nilipobonyeza kile kitufe nilikuwa namwangalia mpishi aliyebeba keki nyuma ya bega lake. Picha ya kweli ingenilazimisha kumtazama, nimpange, nisogeze miguu yangu, nitafute mwanga wa uso wake. Kwa kuwa nilijua nadanganya, sikujisumbua hata kumwona. Nilimwambia Tabitha kwamba sikumbuki, naye akaitikia kwa kichwa, akaaga, akaondoka. Sijawahi kuona aibu ya namna ile tena, na nimeishi miaka mingi.

Alipotoka, mjomba alisema maneno machache. "Mikanda imejaa kabatini. Ungerudi siku ile ukaniambia picha zimepungua, ningekugombeza, tungelala. Sasa yule mama tutampiga wapi?" Halafu akaniambia kesho yake niende kuzika, na kamera niibebe, na kila atakayeomba picha nimpige mpaka mkanda uishe.

Nilikwenda. Unajua desturi yetu, mbele ya jeneza hutangulia mtu ameshika picha ya marehemu. Siku hiyo Tabitha alitangulia ameshika Biblia ya mama yake, na watu waliokuwa hawamfahamu vizuri marehemu walikuwa wakinong'ona kuulizana anayezikwa ni yupi.

Baada ya kuzika alinifuata mwanaume mmoja, viatu vimejaa vumbi la safari. Ndiye yule wa Kamsamba, jina lake Amoni. Dada yake alikuwa hajamwambia kitu.

"Wewe ndiye wa kamera?" akauliza. "Mama alinitumia salamu kwa mtu kwamba picha yake inakuja. Naomba niione hata kidogo."

Nikamwambia ukweli kwa mara ya pili. Nilidhani ya pili ingekuwa nyepesi, kumbe ilikuwa nzito kuliko ile ya kwanza. Alisimama akitazama kofia yake mkononi. Mwishowe akauliza jambo moja tu, kama mama yake alikuwa amesimama.

"Alisimama," nikasema. "Bila fimbo. Na alienda mwenyewe nyumbani kuosha miguu kwanza, ndiyo akarudi."

Hilo nililikumbuka kwa sababu lilinikera. Amoni aliziba mdomo kwa ile kofia akalia, akawa anarudia, "Aliosha miguu. Mama aliosha miguu." Nami nililia naye pale pale, na sikuwa na kingine cha kumpa.

Sasa swali lako. Unataka kununua kamera ya mkanda, uanze kupiga harusi kama tulivyopiga sisi, na unaniuliza kama kazi hiyo itadumu. Sijui, mwanangu, na sitakudanganya. Pale Mbeya nilipokuwa nikipeleka mikanda ya rangi, leo wanauza makava ya simu. Dawa za kusafishia zilikwisha hapa mjini zamani. Wewe mwenyewe umeniambia mkanda mmoja unauagiza Dar na kuusubiri kwenye basi, halafu unaurudisha huko huko ukasafishwe. Nasikia vijana wa mijini wameanza kuipenda tena, na huenda ni mtindo tu, kesho wataitupa. Nami chumba changu cha giza nimekigeuza stoo ya mahindi, na siku nyingine nikiingia kuchota mahindi nasimama tu humo ndani, natafuta ile harufu ya dawa, nasikia uchungu. Nilikipenda sana chumba kile.

Lakini usiinunue kamera hiyo kwa sababu ya uchungu wangu. Kama itakufundisha kumtazama mtu kabla ya kubonyeza, inunue, hata kama ni kwa mikanda miwili tu kwa mwaka. Kama ni ya kuning'iniza shingoni watu wageuze shingo, kaa na simu yako. Mimi sina ugomvi na simu. Inapiga vizuri kuliko kamera yangu ilivyowahi kupiga.

Ugomvi wangu ni na neno moja mnalolipenda ninyi. "Nitakutumia." Mnapiga picha mia kwa dakika moja, mtu anaomba aipate yake, mnamwambia nitakutumia, kisha mnasahau, simu inaibiwa stendi, picha zinakwenda nayo. Jumapili iliyopita kule Vwawa, kwenye kipaimara cha mdogo wako, Babu Yohana alikuomba umpige na wajukuu zake. Alivua kofia, akatengeneza kola, nilimwona. Ulimpiga mara nyingi mpaka nikafurahi. Halafu ukamwambia, "Nitakutumia, babu." Utamtumia wapi? Simu ya babu ni kitochi, haipokei picha. Na yeye akaitikia, akakaa chini akiwa ameridhika, anangoja.

Basi nasaha yangu ni hii, uifuate leo usingoje kesho. Mtu akisimama mbele yako apigwe, mtazame kwanza. Ukimpiga, mpe mkononi, imechapishwa, na nyuma uandike jina lake na mahali. Ukishindwa, mwambie umeshindwa, tena umwambie angali anaweza kukugombeza. Ile ya babu kaichapishe mchana huu, upande gari la Vwawa, umpelekee wewe mwenyewe.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu, akupe macho yenye subira. Na leo hii akufikishe Vwawa salama, umkute babu yako bado mzima.