Shamba Lililosafishwa Nikiwa Eda

Mume wangu alipofariki nilikaa eda nyumbani kwetu Kiranjeranje, miezi minne na siku kumi. Shamba letu la mikorosho halikuwa mbali. Ukisimama uani unaliona kwenye mteremko. Watu waliliita pori. Majani hatukuyachoma, tuliyaacha yaoze chini ya miti. Kati ya mistari tulipanda mbaazi na kunde, na pembeni tuliacha miti ya mwituni ichanue, kwa ajili ya nyuki. Kobe walizaliana humo. Ilikuwa kazi yetu wawili, miaka kumi na moja.

Mwezi wa tatu wa eda niliona moshi upande wa shamba. Chakula nilikuwa naletewa na mke wa shemeji yangu. Nikamwuliza, "Huo moshi wa nini?"

Aliweka sahani chini, hakunitazama. "Kula, dada. Ugali utapoa."

Siku niliyotoka eda nilikwenda moja kwa moja shambani. Shemeji, mdogo wa marehemu, alikuwa amesimama kwenye majivu, mikono kiunoni.

"Nimekusafishia, shemeji," akasema. "Kaka alikuwa mpole mno kwako. Watu walikuwa wanatucheka."

Magome ya mikorosho yalikuwa yamepasuka kwa moto. Nilimdhania kobe kuwa jiwe, mpaka nilipomgeuza kwa mguu. Shemeji akacheka. Akasema hapo atalima ufuta. Nilikwenda kwa wazee wa ukoo. Wote wakawa upande wake. Mimi sikuwa na mtoto.

Alilima kweli. Mvua kubwa ya kwanza ikaufagia mteremko. Ufuta, majivu na ule udongo mweusi tuliouhangaikia vikaishia bondeni. Nilisimama uani nikayatazama maji mekundu yakishuka. Nilifurahi. Sifichi.

Baada ya muda mkewe akaja, amekonda. "Dada, nasikia una mbegu za mbaazi. Nigawie hata kidogo, tupande tupate cha kula."

"Mbegu? Mumeo alizichoma."

Debe la mbegu lilikuwa nyuma yangu, wazi, limejaa. Aliliona. "Haya, dada," akasema, akaondoka.

Mbegu zile nilizipanda kuzunguka nyumba. Zimestawi, na nyuki wamerudi. Mke wa shemeji hapiti tena kwangu. Akienda kisimani huzunguka njia ya mbali, ndoo kichwani.