Glasi ya Kwanza ya Waruguru

Jumamosi asubuhi Waruguru alijifunga kitambaa cheupe cha akina mama wa kanisa, kile wanachovaa Jumapili na kwenye mazishi. Mumewe, Gicheru, alimtazama kutoka mlangoni, kikombe cha uji mkononi.

"Unaenda kanisani ama unauza pombe?"

"Nauza divai. Na mimi ni mama wa kanisa. Kuna shida?"

Gicheru alicheka, akarudia uji wake.

Shamba lao lilikuwa juu kidogo ya Endebess, mahali ambapo ukungu wa mlima huchelewa kuondoka. Zamani Waruguru aliajiriwa kunyunyiza dawa kwenye shamba la maua, hadi ngozi ya viganja vyake ikaanza kubanduka kama maganda ya kitunguu. Alipoacha kazi hiyo aliapa kwamba sumu haitagusa tena mikono yake wala udongo wake. Alipong'oa sehemu ya mahindi ili apande miforosadi, majirani walimcheka. Walipomwona akibeba samadi kwa karai na kuokota wadudu kwa vidole, walisema amechanganyikiwa. Kisha akaanza kutengeneza divai kwa matunda yale meusi, akapata leseni, akaitundika ukutani juu ya mapipa. Majirani wakaacha kucheka, wakaanza kunong'ona.

Gladwell, mwenyekiti wa akina mama kanisani, alikuwa amemwita kando.

"Mama Kiarie, kutengeneza tumekuachia. Lakini siku utakunywa, kitambaa utarudisha. Unajua ahadi yetu."

"Sijawahi kumeza hata tone."

Ilikuwa kweli. Divai yake aliionja kwa ulimi tu, akaitema kwenye migomba. Alikuwa kama mpishi asiyekula chakula chake, na jioni nyingine jambo hilo lilimtia huzuni asiyoweza kumweleza mtu.

Siku hiyo alikuwa anamngoja Wakhungu, mwenye hoteli mjini Bungoma, aliyetaka kuonja kabla ya kuamua kama ataiuza divai hiyo hotelini kwake. Hoteli hiyo ikiikubali, shamba lingesimama bila kurudi kwenye mahindi na dawa. Wakhungu alifika na mkewe. Gladwell naye alifika, "kusalimia tu," akaketi karibu na mlango wa banda la mapipa, mkoba mapajani.

Waruguru aliwapitisha wageni katikati ya miti. Wakhungu alikula matunda mpaka vidole vikawa vyeusi. Waliporudi bandani, Waruguru akamimina. Wakhungu aliinua glasi, akanusa, akairudisha mezani.

"Mayi," alisema, akimwita mama kwa lugha ya kwao, "anza wewe."

"Nianze nini?"

"Si ni pombe yako? Kwetu mwenye pombe anakunywa kwanza, mgeni akiona. Ndio ajue hakuna kitu imewekwa ndani."

"Nimekuonyesha shamba. Hakuna dawa hata kidogo."

"Shamba nimeona. Lakini sitakunywa shamba, bana."

Mkewe akacheka. Waruguru naye akajilazimisha kutabasamu, akachukua glasi, akapiga funda moja, kisha akageuka kutafuta pa kutema.

"Ai, mayi!" Wakhungu alisimama. "Unatema? Ati haina sumu, na wewe mwenyewe unaitema?"

Gladwell pia alikuwa amesimama. "Mama Kiarie," alisema polepole, "kumbuka kitambaa."

Waruguru alibaki katikati ya banda, mashavu yamejaa divai. Aliitazama mikono yake, yale makovu ya viganjani yaliyoachwa na dawa ya shamba la maua. Kama angetema sasa, basi miaka yote ya samadi na wadudu ingekuwa uongo, tena uongo aliousema kwa kinywa chake mwenyewe.

Akameza.

Hakuwa amejua kwamba ladha ile ilikuwa na mwisho. Ulimi ulikuwa umempa mwanzo tu. Mwisho wake ulikuwa huku chini kifuani, wenye joto, kama habari njema iliyochelewa. Akainua glasi tena, akainywa yote. Tone likamtiririka kidevuni. Akavuta ncha ya kitambaa cheupe, akajifuta mdomo bila haraka, Gladwell akiona.

"Haina sumu," alisema. "Sasa kunyweni."

Wakhungu alikunywa, akanyoosha glasi aongezewe.

"Lete hicho kitambaa," Gladwell akasema.

"Nimezika nacho watu wa kanisa hili. Nimewaombea wagonjwa wenu nikiwa nacho kichwani. Ukikitaka, njoo unifungue Jumapili, watu wakiona."

"Na utathubutu kuja?"

"Nitakaa mbele."

Jioni alikifua. Doa la forosadi halikutoka. Lilififia tu, likabaki zambarau. Ndani ya sanduku kulikuwa na kitambaa kingine, kipya, lakini hakukigusa.

Jumapili alikaa benchi la kwanza, ile ncha yenye doa ameifunga juu, ionekane. Wimbo wa pili ulipoanza, Gladwell alitoka mahali pake akaja kusimama mbele yake. Nyuma yao baadhi ya sauti zilipungua. Waruguru hakuacha kuimba. Aliinamisha kichwa kidogo, ili fundo liwe karibu na mkono wa mwenzake, akangoja.

Mkono haukuja.