Kwanza Swichi, Ndipo Ndugu

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja pale Kariobangi, nikiwa bado msichana, nilipoambiwa nimekufa na huku nimesimama mzima.

Karakana tuliyofanyia kazi ilitengeneza milango ya chuma. Mimi nilipaka rangi. Ndugu yangu Musa, anayenifuata, alikata vyuma. Wazazi wetu walikuwa wamefariki, nami nilikuwa nimeacha shule ili wadogo zangu wapate chakula. Tangu hapo nilizoea hivi: mmoja wao akilia, mikono yangu hufika kabla ya akili.

Asubuhi hiyo mwenye karakana alimleta Mzee Okello, fundi wa stima, atufundishe kumwokoa mtu aliyeshikwa na umeme. Mzee alizima mashine zote, akamwambia Musa ashike ile ya kukatia na ajifanye amenaswa. Musa hakukosa mzaha. Akatetemeka kama kuku aliyenyeshewa, akapiga kelele, "Dada, nakufa!" Watu wakacheka. Mimi nikaruka, nikamshika mabega.

"Na wewe umekufa," Mzee Okello akasema. "Lala hapo kando yake."

Nilidhani anatania.

"Lala, binti yangu. Stima imekupata kupitia kwake."

Nikalala kwenye vumbi la chuma na sketi yangu safi. Kamau, mchomeleaji wetu, akasema, "Pole, sista. Tutawachangia mazishi." Mzee hakucheka. Aliinama, akaniuliza, "Leo nyumbani kwenu nani atapika?"

Alinirudisha mlangoni, tukarudia zoezi mpaka miguu yangu ikajua njia: usimguse, kimbilia swichi kuu ukutani, zima, ndipo umwendee. Ikiwa huwezi kuzima, simama pakavu, umtenge na waya kwa ubao mkavu, kamwe si kwa chuma. Kisha akatuonyesha namna ya kubonyeza kifua cha mtu asiyepumua.

Mvua zilipokuja, maji yaliingia karakanani, na waya wa mashine ya Musa ulikuwa umechunika. Stima ikamnasa kweli, na safari hii hakupiga kelele. Taya zilikuwa zimekazana, macho yananitazama mimi. Kamau alikuwa tayari amenyoosha mkono.

"Usimguse!" nikafoka. Nikampa ndugu yangu mgongo, nikakimbilia ukuta wa pili. Sijawahi kukimbia mbio chungu kama zile. Nikazima. Musa akaanguka, hapumui. Nilimbonyeza kifua, Kamau akiita ambulensi kwa simu, mpaka akakohoa. Hospitalini walimlaza, maana hata aliyezinduka lazima moyo wake uangaliwe.

Jioni akaniambia, "Niliona ukiniacha. Nikasema, leo hata dada amenikimbia."

"Nilikimbilia swichi."

"Najua sasa." Akaitazama sketi yangu. "Lakini unakimbia vibaya, dada, na hiyo sketi yako."

Nilicheka huku nalia.

Sasa nawe, mwanangu, unaanza kazi kiwandani. Ukifika, kabla hujaonyeshwa mahali pa kunywea chai, uliza swichi kuu iko wapi, uende ukaitazame kwa macho yako. Mwenzako akishikwa na stima, moyo utakuambia mrukie. Usiusikilize. Mpe mgongo kwanza, uzime, kisha umrudie ukiwa hai, kwa sababu maiti haiokoi mtu.

Mungu ailinde mikono yako, na kila jioni akurudishe kwa wanaokungoja wapakue chakula.