Kisigino cha Mama Boram

Mke wangu, Eom Jeom-sun, tulimzika mwezi wa nne, maua ya micheri yakipukutika. Binti yetu Boram akaniambia, baba, andika habari za mama, wewe ndiye uliyekuwepo. Shule niliishia darasa la tatu. Nitaandika nilichokiona.

Tulifanya kazi miaka ishirini na miwili kwenye uwanja wa ndege wa Namgok. Mimi niliendesha trekta la kufyeka majani. Yeye alikuwa mkaguzi wa njia ya kurukia. Kila siku kabla ya ndege ya kwanza alipita na gari dogo la njano akiokota alichokikuta: skrubu, kokoto, kipande cha tairi. Kitu kidogo kama ukucha kikivutwa na injini, ndege nzima imepotea. Kwa hiyo kila alichookota alikipeleka ofisini ndani ya kopo, na karatasi juu yake: kimeokotwa wapi, saa ngapi.

Njia ile ilijengwa juu ya mashamba ya mpunga. Jeom-sun alikuwa mtoto wa mpunga. Baba yake alimfundisha kutembea juu ya matuta na kusikiliza kwa kisigino. Maji yakila udongo kwa chini, tuta kwa juu linaonekana zima. Kisigino kinajua. Asiyekisikiliza, siku moja tuta linammeza na ng'ombe wake.

Habari yenyewe ni ya mwaka Boram alipofanya mtihani mkuu wa kuingia chuo.

Mwezi wa nane ilinyesha mvua siku tisa. Ilipokatika, Jeom-sun alishuka garini kwenye alama ya nne ya njia kuokota kipande cha mpira. Mchana tulipokaa kula hakugusa wali.

"Baba Boram, pale alama ya nne chini patupu."

"Patupu vipi? Si zege lile?"

"Juu zege. Chini patupu. Na uache kunitazama kama mtu aliyelewa."

Ofisini kulikuwa na sanduku la karatasi za kijani. Yeyote aliyeona hatari aliandika na kutumbukiza, na karatasi yenyewe ilisema aliyeandika haadhibiwi. Akaandika. Mkuu wetu wa kitengo, Bwana Tak, akaleta gari la vipimo. Likapita mara mbili. Njia imenyooka, ufa hakuna. Jibu likarudi: kasoro haikuonekana. Mwezi wa tisa akaandika ya pili. Mwezi wa kumi, ya tatu.

Ya tatu ilimchosha Tak. Akamwita mbele ya zamu nzima. Mimi nilikuwa mlangoni, nimekuja kurudisha ufunguo wa trekta.

"Mama Boram," akasema, "mashine iliyonunuliwa kwa bei ya nyumba kumi inasema pazima. Kisigino chako kinasema patupu. Sasa niwaandikie wakubwa mjini kwamba kisigino kimekataa?"

Watu wakacheka.

"Waandikie hivyo hivyo, Mkuu. Kisigino hakiishiwi betri."

Wakacheka zaidi. Tak hakucheka. Hakuwa mtu mbaya, ila njia ilikuwa moja tu, na akiifunga siku moja ndege thelathini zinakosa pa kutua. Alihitaji kitu cha kushika mkononi.

"Mikataba yenu inaisha Desemba," akasema. "Ukinifungia kazi bila ushahidi, utaumaliza mwaka unasugua vyoo vya abiria."

"Karatasi inasema mtu haadhibiwi."

"Siyo adhabu. Ni uhamisho."

Nyumbani alikaa na kikombe cha chai ya shayiri mpaka kikapoa. Nikamwambia aachane nayo. Boram anaingia chuo mwakani, mshahara wa mama yake tunauhitaji.

"Ningepata nusu saa ya kimya tu," akasema. "Pale injini hazinyamazi. Nasikia kwa mguu, sisikii kwa sikio. Nikisikia kwa sikio, hata Tak atasikia."

Kisha akaitazama kalenda ukutani. Siku ya mtihani ilikuwa imezungushiwa wino mwekundu.

Siku ile nchi nzima hunyamaza. Watoto wakifika sehemu ya kusikiliza Kiingereza, kuanzia saa saba na dakika tano mchana mpaka saa saba na dakika arobaini, ndege haitui wala hairuki. Zilizo angani huzungushwa juu sana, zikisubiri. Viwanjani hata matrekta huzimwa.

Kesho yake akaenda kwa Tak kuomba aikague njia kwa miguu dakika zile thelathini na tano.

"Siku hiyo kila mama yuko hekaluni anasujudu akimwombea mwanawe," Tak akasema. "Wewe unataka kwenda kugonga zege?"

"Njia ikiwa tupu inaruhusiwa kukaguliwa kwa miguu. Ni kanuni, Mkuu, mimi sijaitunga."

"Haya. Ila ukitoka mikono mitupu, sitaki kulisikia tena jambo hili."

"Nikitoka mikono mitupu nipe brashi ya choo siku hiyo hiyo. Desemba mbali."

Siku ikafika, baridi imeuma vibaya. Alimpikia Boram uji, akaenda naye hadi shuleni, akabandika peremende ya kunata kwenye geti kama mama wengine, ili mtoto anate kwenye chuo anachokitaka. Boram akanuna.

"Mama wa wenzangu wote wanakwenda hekaluni. Wewe unavaa koti la kazi!"

"Mama wa wenzako wana magoti mazuri. Mimi nitakuombea nikiwa nimesimama."

Saa saba na dakika tano mnara wa kuongozea ndege ukatupa ruhusa. Tukaingia wawili. Mimi nilibeba simu ya upepo. Yeye alibeba mpini wa jembe la baba yake. Miaka mingine saa ile tulikuwa ndani ofisini, kwa hiyo nilikuwa sijawahi kuusikia uwanja ule umenyamaza. Niliwasikia kunguru. Nilisikia pua yangu.

Shule ya Boram ilikuwa kilomita mbili kutoka pale, lakini nilipouambia mnara kwamba tumefika alama ya tatu, nilinong'ona. Na mwongozaji wa ndege kule juu, Bwana Namgung, mtu aliyejifungia nyuma ya vioo, naye akanijibu kwa kunong'ona.

Jeom-sun alikuwa akigonga. Ko. Ko. Ko. Kila hatua mara moja. Tulipofika alama ya nne, mpini ukasema bu.

Hakugeuka kunitazama. Akagonga kushoto, akagonga kulia, akirudi nyuma na kusonga mbele, na kila sauti ilipobadilika akaweka alama kwa chaki. Alipomaliza kuziunga alama zile, mchoro ulikuwa na ukubwa wa sebule yetu. Akalala kifudifudi, sikio kwenye zege.

"Lala," akaniambia.

Nikalala. Maji. Kama mtu anayemimina chai chumba cha pili.

Ilikuwa saa saba na dakika thelathini na moja. Nikamwita Tak. Akasema tusifanye lolote, anakuja mwenyewe. Lakini magari yote yalikuwa yamezimwa, na kutoka ofisini hadi alama ya nne ni mwendo wa kilomita moja na nusu. Nikahesabu kichwani. Juu yetu zilizunguka ndege nne. Ya kwanza, yenye watu mia moja themanini, ilikuwa itue dakika ya arobaini. Na Tak akifika, kwanza atauliza maswali.

Kulikuwa na neno moja. Kila Jumatatu tulilitamka zamu nzima kwa pamoja, tukilinyooshea kidole pale ukutani lilipoandikwa: Simamisha. Yeyote aliye njiani akiona hatari, awe mkubwa awe kibarua, aliambie mnara neno hilo, na mnara ufunge kwanza, maswali baadaye. Tulilitamka kila Jumatatu, lakini kibarua aliyelitumia sijawahi kumwona. Lilikaa pale ukutani kama shoka la zimamoto ndani ya kioo.

Jeom-sun akanyoosha mkono.

"Baba Boram, nipe simu."

"Mama Boram, vyoo."

"Vyoo navijua. Nipe."

Nikampa. Akanong'ona, "Mnara. Simamisha."

Sauti ya Namgung ikajibu, "Rudia. Kwa sauti."

"Watoto wako kwenye mtihani."

"Mama, rudia!"

Akasimama wima. Akaikaza sauti, bila kuipaza. "Simamisha. Alama ya nne, chini patupu, maji yanapita. Mkaguzi Eom Jeom-sun."

"Nimepokea, Eom Jeom-sun. Njia imefungwa."

Basi. Hakuuliza ametumia mashine gani. Hakuuliza mkuu wake anasemaje. Nikatazama juu. Baada ya dakika mbili, kidoa cheupe kikainamisha bawa, kikageukia kaskazini. Cha pili kikafuata. Watu mia saba na ushee wakapelekwa uwanja mwingine kwa neno la mwanamke aliyeshika mpini wa jembe. Yeye alikuwa akipangusa chaki vidoleni.

Tak akafika, uso mwekundu kama pilipili, anahema.

"Nani... nani amefunga?"

"Mimi."

"Ushahidi uko wapi?"

"Lala, Mkuu."

Tak alikuwa amevaa tai. Akamtazama, akaitazama chaki, akalala. Alikaa pale chini muda mrefu kuliko mimi. Alipoinuka hakujipangusa vumbi. Akaagiza mashine ya kutoboa.

Ilipoletwa, mtihani wa kusikiliza ulikuwa umekwisha, ikanguruma. Chuma kikaingia urefu wa mkono mpaka kiwiko, kikakutana na hewa, kikatumbukia chote. Mtoboaji alitupa mikono akaruka nyuma. Wakapanua tundu wakamulika kwa tochi. Chini kulikuwa na shimo ambalo mtu angeweza kusimama ndani. Mfereji wa zamani wa mashamba ulikuwa umezikwa kwenye bomba wakati wa ujenzi, bomba likapasuka, na maji yakauchukua mchanga mwaka hadi mwaka. Zege lilikuwa limeshikilia kwa mazoea tu.

Mafundi kutoka mjini walisema lingeweza kuhimili wiki mbili. Au lingeondoka na ile ndege ya dakika ya arobaini. Hakuna aliyejua, na hakuna aliyetaka kujaribu.

Tak alivua kofia mbele ya zamu nzima, akamwinamia mke wangu mpaka kiunoni. Mkuu wa kitengo, kwa kibarua.

"Mama Boram, zile karatasi zako tatu naziandikia jibu jipya."

"Utaandika nini, Mkuu?" mmoja akachokoza kutoka nyuma.

"Kwamba kisigino kimesema kweli."

Hapo ndipo tulipopiga kelele. Tulikuwa tumezibana tangu saa saba, tukazitoa zote. Kunguru wakahama.

Jioni Boram akarudi amechoka, macho yanang'aa.

"Baba, leo ndege zilikwenda wapi? Baada ya kusikiliza huwa zinarudi na makelele. Leo tumemaliza mtihani mzima kimya kabisa!"

"Si nilikwambia nitakuombea nimesimama," mama yake akasema, akamwongezea mchuzi.

Boram alipata chuo alichokitaka. Njia ilifungwa miezi miwili, ikachimbwa na kujazwa upya. Desemba mkataba wa Jeom-sun haukuisha. Waliuchana wakamwandika kazi ya kudumu, akaifanya mpaka alipostaafu. Na tangu mwaka uliofuata, kila siku ya mtihani, zamu nzima ya Namgok huingia njiani na mipini ya mbao, hutembea mstari mmoja wakigonga. Kwenye ratiba ya ofisi yameandikwa Matembezi ya Mama Boram. Wamekwisha kugundua sehemu mbili nyingine, ndogo, kabla hazijakua.

Mwezi wa kumi na moja huu walinipigia simu nyumbani. Wakasema, baba, njoo, na uje na mpini wake.

Nikaenda. Tak alikuwepo, mzee sasa, anatembelea mkongojo. Saa saba na dakika tano kukanyamaza. Wenzangu hawa wa leo ni vijana, wana kofia nzuri. Tulipofika alama ya nne wakasimama wote. Hakuna aliyegonga. Nikaelewa wananisubiri mimi.

Mpini umelainika pale alipozoea kuushika. Nikashika hapo hapo. Nikagonga.

Ko.

Tak akaninong'oneza, "Pamejaa?"

"Pamejaa," nikasema.

Tukasonga mbele, alama ya tano.