Bangili ya Kwanta

Nakumbuka siku moja, mwanangu, baada ya ibada kule Jakobsberg, kitongoji cha Stockholm, nilipoulizwa swali ambalo profesa wangu hakuwahi kuniuliza. Nilikuwa nasoma fizikia hapa mjini, msichana wa Dodoma mwenye koti la kuazima. Mama Espérance, Mrundi aliyetulea wanafunzi wote kwa maharage yake, alikuja kwenye meza ya chakula ya kanisa na bangili mpya mkononi.

"Ya kwanta," akasema. "Aliyeniuzia anasema inaponya sukari. Kuanzia leo naacha sindano."

Bintiye alikuwa amemsihi kwa Kiswidi njia nzima kwenye treni, na wapi. Wengine walikoroga kahawa zao kimya, maana kwetu mtu mzima habishiwi mbele za watu. Mimi adabu hiyo haijawahi kunikaa, na sijuti.

"Mama, unajua kwanta ni nini?"

"Weye ndiye unasoma. Niambie, na usinitolee maneno ya chuo."

Nikavuta sahani ya mayai ya kuchemsha. "Maziwa unamimina kiasi utakacho. Lakini kuku hatagi nusu yai. Anataga zima au hatagi. Mwanga nao ni hivyo. Tunauona kama unamiminika, kumbe unatoka kwa vipande vidogo mno, kizima kizima. Kipande kimoja ndicho kwanta. Mwanga wa buluu mayai yake ni makubwa, mwekundu ni madogo, ila nusu hakuna."

Akafikiri. "Na bangili yangu inataga?"

"Mama, hata huu mshumaa wa mezani unataga. Taa ya chooni inataga. Mbona hujapona?"

Alicheka mpaka miwani ikamshuka. Kisha akamgeukia bintiye: "Leta sindano, chakula kinapoa." Bangili hakuivua, alisema inampendeza. Alikuwa nayo mkononi hata siku niliyohitimu, akipiga vigelegele ukumbini hadi Waswidi wakageuka.

Basi, mwanangu, neno kubwa likikujia limeshika dawa, liulize maana yake kabla hujalikabidhi mwili wako. Anayelijua atakueleza kwa kitu kilichopo mezani. Na wewe uliyesoma, usinyamaze kwa heshima huku mtu wako anaacha sindano. Mheshimu kwa kumtaka awepo Jumapili ijayo.

Mungu akupe ulimi usioogopa, na wazee wako wadumu wakicheka nawe mezani miaka mingi.