Mpe Mbaya Wako Maneno Yake

Nakumbuka, mwanangu, Jumamosi moja ya theluji, mchana, nilipoambiwa na mama mmoja mzee wa Saint Paul, hapa Amerika, kwamba sijui kusimulia shida yangu mwenyewe. Nilikasirika. Shida ni yangu, mdomo ni wangu, sasa yeye anifundishe nini? Lakini kaa nikueleze, kwa sababu maneno ya yule mama yalimwokoa mtu, na hasira yangu ilikuwa haijaokoa hata paka.

Mama huyo aliitwa Odessa. Mimi nilimwita Kukhu, kama tunavyowaita nyanya zetu kwetu Webuye, naye akalipenda hilo kuliko jina lake lililoandikwa kwenye mabango. Alikuwa mwandishi wa michezo ya kuigiza, baadaye wa filamu. Mweusi wa hapa hapa: babake alikuwa mbeba mizigo ya abiria kwenye treni, na mtaa aliozaliwa ulibomolewa ili barabara kuu ipite. Mchezo wake wa kwanza uliigizwa katika ukumbi wa chini ya kanisa, waigizaji wenyewe wakiwa shemeji zake na wapishi wa harusi. Haukupita muda, majumba makubwa ya Minneapolis yakamfungulia milango, na watu wakapanga foleni kwenye baridi ambayo mimi hata kutoa taka naiogopa. Kisha Los Angeles wakamwita akaandike filamu. Mimi niliishia darasa la saba, sijui kupima vitabu. Lakini nimeona wanaume wazima wakipangusa macho kwa maneno yaliyoandikwa na mtu aliyevaa kofia ya kulalia, miguu ndani ya beseni la maji moto. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Nilienda kwake kumtunza alipofanyiwa upasuaji wa nyonga. Nilikuwa nimetoka kwa Mama Sharleen.

Ndiyo, namtaja. Watu wetu hunivuta kando, "Nekesa, majina uyaache." Siachi. Mama Sharleen wa Woodbury, mwenye nyumba ya kutunzia wazee, ndiye aliyenileta Amerika. Siku niliyofika alichukua pasipoti yangu akaifungia kabatini. Nililala besimenti, chumba cha chini ya nyumba, kando ya mashine ya kufulia nguo. Mama yangu alipofariki nilimpigia magoti anipe pasipoti nikamzike mzazi wangu. Akaniuliza, "Na hawa wazee wataogeshwa na nani?" Wakamzika bila mimi. Na Pasta Elkana wa kanisa letu pale Crystal, naye namtaja, maana nilimpelekea habari hiyo nikilia, akaniambia, "Dada, uchungu ni dhambi. Kumbuka ni Mama Sharleen aliyetununulia vyombo vya muziki." Haya. Muziki tukauimba.

Nilitoka kule na nguo za mwilini tu. Lakini majira yale, nikiwa kwa Kukhu, nilikuwa na donda jipya. Alikuwa amekuja msichana mwingine, Moraa, wa kutoka Kisii, mpole mpaka unamhurumia. Alilala kwa rafiki wa shangazi yake, na alikuwa amebakisha wiki moja ahamie Woodbury kwa Mama Sharleen. Niliposikia, nilimfuata kwenye chai baada ya ibada, mbele ya watu wote, nikapiga kelele: "Huyo mama ni shetani! Ni nyoka, atakumeza mzima!"

Moraa alirudi nyuma. Mama mmoja akamnong'oneza, nami nikasikia, "Mwache tu. Huyo baridi ilimwingia kichwani."

Ndivyo nilivyofika ile Jumamosi, nimekata tamaa, nikigongagonga sufuria jikoni kwa Kukhu.

"Hiyo sufuria imekukosea nini, msichana?" akauliza.

Nikamwaga yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatingisha kichwa. "Mbaya."

"Mbaya sana, Kukhu! Yule mwanamke..."

"Nasema unavyosimulia ndivyo vibaya."

Sasa ujue desturi yake. Kabla mchezo wake haujapewa waigizaji, Kukhu aliwaalika majirani mezani, akawapa supu ya kuku, akawagawia karatasi wasome kwa sauti. Na hakugawa ovyo. Aliyeumizwa ndiye alimpa maneno ya muumizaji. Mama aliyeachwa na mume, asome maneno ya mume mhuni. Aliyefukuzwa kazi, asome bosi. Watu walinung'unika, lakini walirudi, nadhani si kwa supu peke yake. Siku hiyo majirani walikuwa hawajafika. Akanivutia kiti.

"Keti. Leo wewe ndiye Mama Sharleen. Mimi ndimi Nekesa, nimeshuka ndege sasa hivi. Nipokee."

Nikakunja uso, nikanguruma, "Wewe! Lete pasipoti!"

Kukhu alicheka mpaka akashika nyonga yake. "Mtu kama huyo ningemkimbia pale pale uwanja wa ndege. Wewe mbona hukukimbia? Ulikuwa mjinga?"

"Sikuwa mjinga!"

"Basi yeye alikuwa mzuri. Nionyeshe uzuri wake."

Mwanangu, hapo nilimchukia. Nimpe yule mwanamke uzuri, na mama yangu yuko kaburini? Nikamwambia afadhali nikaoshe choo. Ndipo akanieleza habari za Garrison.

Garrison alikuwa mkubwa wa filamu huko Los Angeles. Kukhu alimpelekea hadithi ya babake na treni. Filamu ikatoka, ikasifiwa, na jina la mwandishi likawa Garrison. Kukhu alirudi Saint Paul, akakaa muda mrefu bila kushika kalamu. Alipoishika tena, alimtia Garrison ndani ya mchezo, na maneno matamu kuliko yote akampa yeye.

"Mamangu alipougua, Garrison alimtumia maua," akaniambia. "Alikuwa mtu wa kwanza kule kuniita mwandishi. Nikiyaficha hayo nimedanganya. Na msichana mwingine akitumiwa maua, atajuaje kwamba ndiye yule?"

Mchezo huo ulizunguka nchi nzima. Wasichana walimngoja nje ya jumba, wakimwambia, "Mtu huyu namjua, yuko ofisini kwetu." Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Kukhu hakuwahi kuisikia methali hiyo maishani mwake, lakini aliitenda kuliko sisi tunaoiimba.

Basi nikaketi tena. Nikafumba macho. Na ile sauti ikaja, mwanangu, ikanitoka mimi mwenyewe:

"Karibu nyumbani, mwanangu. Vaa hili koti, nimelipasha moto kwa hita ya gari. Nimekubebea ugali na mboga ya managu, najua chakula cha ndege hakishibishi. Usiniite bosi, mimi ni mama yako. Na hiyo pasipoti, hapa watu huibiana, nipe niiweke pamoja na za watoto wangu."

Nilipofumbua macho, mkono wa Kukhu ulikuwa umenyooka mbele yangu, kama wa mtu anayekabidhi kitu. Hakuwa akicheka.

"Ningempa," akasema polepole. "Na ujanja wangu wote huu, ningempa."

Nililia sana. Tangu nifike Amerika, hiyo ndiyo siku ya kwanza niliyoacha kujiona mpumbavu.

Kesho yake kanisani nilikaa karibu na Moraa wakati wa chai. Alitaka kuinuka. Nikamwambia, "Sipigi kelele leo. Nataka tu kukuambia nilivyopokewa mimi." Nikamsimulia kwa sauti ile ile laini. Sikumwita mtu nyoka. Nilipofika kwenye koti, aliacha kunywa. Nilipofika kwenye "mimi ni mama yako", akaweka kikombe chini.

"Anti, nani amekuambia aliyoniambia?"

"Hakuna. Aliniambia mimi, wewe ungali unavaa yunifomu ya shule."

"Hata koti?"

"Hata koti."

Akaliangalia alilovaa. "Amesema kesho nimpe pasipoti."

Nikamweleza basi habari ya mazishi ya mama yangu, kwa ufupi, maana jambo hilo halina urefu. Mara Mama Sharleen akaita kutoka upande wa pili wa ukumbi, asali tupu: "Moraa, mwanangu, kesho nije na gari kubwa? Una masanduku mangapi?"

Moraa alisimama. Alilivua koti pale pale, akalikunja vizuri, akampelekea. "Sitakuja, Mama. Asante kwa koti."

Mama Sharleen akanigeukia. "Umemlisha nini huyu mtoto?"

"Maneno yako, Mama," nikasema. "Yako tu."

Nje baridi ilikuwa ya kukata masikio. Tulijifunika koti langu wawili, tukatembea kama mnyama wa miguu minne hadi kwenye gari.

Usidhani Mama Sharleen alifungwa. Bado anaketi kiti cha mbele, na Pasta Elkana bado anamwombea heri. Mimi nami bado nina uchungu, sitakudanganya. Kukhu ametangulia mbele za haki, lakini michezo yake bado inaigizwa, na kila ninapoweza naenda, nakaa nyuma, nawasikiliza watu wakiwacheka wabaya wao kabla ya kuwatambua.

Basi shika hili, mwanangu. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, na humtia binadamu pangoni vile vile. Ukitaka kumwonya mwenzako, usimchoree jitu lenye pembe, kwa kuwa jitu hilo halitabisha mlangoni kwake kamwe. Mwambie ukweli wote, na ule utamu uliokuponza mwenyewe. Taja jina ukilijua, lakini kwanza sema alivyosema. Na wewe uliyedanganywa, usijidharau. Aliyekudanganya alikuwa na kazi yake, na aliijua.

Mungu akupe rafiki wa kukuambia kweli ukiwa na hasira, akupe na unyenyekevu wa kuketi umsikilize. Wazazi wako wasizikwe ukiwa mbali, na popote utakapolala, mlango ufungwe kwa ndani, ufunguo uwe wako. Amina.